Ndoto za Kweli na Neno "Nimeoteshwa"

(Maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya Waislamu wa Njombe na Makambako pamoja na wageni wao Wakristo)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. pamoja na Manabii wote waliotumwa kabla yake.

Maudhui tuliyopewa leo ni maana ya ndoto katika vitabu vitakatifu. Huenda mtu akadhani kwamba hili ni jambo la kuzungumzwa na wazee waotapo moto usiku wa baridi ya Juni, wala si jambo la kukusanyia watu. Lakini sivyo. Katika mkoa wetu huu neno "nimeoteshwa" lina nguvu kubwa. Mganga hulitumia kuuza dawa, na wapo wanaojiita watumishi wa Mungu, wa dini hii na ile, walitumiao kukusanya wafuasi. Mgonjwa akisikia kwamba fulani ameoteshwa dawa, yuko tayari kuuza gunia la mahindi apate nauli. Kwa hiyo inatupasa kuuliza: Je, Mwenyezi Mungu husema na wanadamu kwa njia ya ndoto? Na kama husema, twawezaje kuipambanua ndoto itokayo Kwake na ile isiyotoka Kwake?

Tazameni kwanza lugha yetu. Twasema mtu ameota, na twasema pia mtu ameoteshwa. La kwanza ni la kila mtu alalaye. La pili ni dai, kwamba yuko mwingine aliyemletea ndoto hiyo. Mwenye kusema "nimeota" hadaiwi ushahidi na mtu. Lakini mwenye kusema "nimeoteshwa", kisha akataka watu wamfuate, amefungua kesi, na lazima kesi hiyo ipimwe kwa vitabu vya Mungu.

Vitabu vyote vyakiri ndoto za kweli

Waislamu na Wakristo hawahitilafiani katika msingi wa jambo hili. Katika Biblia, kitabu cha Hesabu mlango wa 12, Mungu aeleza kwamba husema na nabii kwa maono na kwa ndoto. Injili ya Mathayo yaeleza kwamba Yusufu, mchumba wa Mariamu, aliongozwa kwa ndoto zaidi ya mara moja, na kwa ndoto mtoto akaokolewa na upanga wa Herode.

Kurani Tukufu nayo ina Sura nzima, ya 12, yenye aya 111, inayoanza kisa chake kwa ndoto ya kijana na kumalizika kwa kutimia ndoto hiyo. Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba wahyi wa Mtume Mtukufu s.a.w. ulianza kwa ndoto njema, na kila alichokiona kilitokea wazi kama mapambazuko ya asubuhi. Naye Mtume s.a.w. amefundisha kwamba ndoto njema ya mwamini ni sehemu moja katika sehemu 46 za utume.

Basi anayesema kwamba ndoto zote ni upuuzi amevikataa vitabu. Lakini tukumbuke hesabu hiyo ya Mtume s.a.w. Sehemu moja katika 46 si kitu kizima. Mwenye tofali moja hawezi kusema anayo nyumba.

Aina tatu za ndoto

Mtume Mtukufu s.a.w. amezigawa ndoto katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu. La pili ni huzuni na hofu itokayo kwa Shetani. La tatu ni mazungumzo ya nafsi, yaani yale aliyoshinda nayo mtu mchana humrudia usiku. Mkulima wa viazi anayehofia mvua huota shamba limeoza. Mwenye deni huota mdai wake amesimama mlangoni. Hapo hakuna mjumbe wa mbinguni wala jini, bali ni moyo uliochoka unasema na mwenyewe.

Mgawanyo huu peke yake ungetosha kuwaokoa watu wengi, maana mganga hana mafungu matatu. Kwake kila ndoto ni habari na kila habari ina bei. Mtu akiota nyoka, huambiwa kwamba jirani anamwendea kinyume, na siku ya pili majirani wawili waliokuwa wakiazimana jembe hawasalimiani tena. Mtume s.a.w. ametufundisha kinyume chake. Mwenye kuota ndoto mbaya ateme mate kidogo kushotoni mwake mara tatu, amwombe Mwenyezi Mungu ulinzi dhidi ya Shetani, ageuke upande mwingine, wala asimsimulie mtu yeyote, nayo haitamdhuru. Hakuna kuku wa kuchinja wala jirani wa kutuhumiwa.

Ndoto ya kweli si hati ya ucha Mungu

Jambo la pili tunalojifunza ni hili, nalo wengi hawalifikirii. Katika kisa cha Nabii Yusuf a.s., ndoto kubwa kuliko zote haikuotwa na Nabii. Iliotwa na mfalme wa Misri. Ng'ombe saba wanene wakaliwa na saba waliokonda, na masuke saba mabichi na mengine makavu. Ndoto hiyo ilikuwa ya kweli na ilitimia yote, na hali mfalme yule hakuwa Nabii. Kadhalika katika kitabu cha Danieli mlango wa 2, Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliota ndoto ya kweli, naye ndiye aliyeuvunja Yerusalemu.

Kwa hiyo mtu akija kwetu na kusema, "Niliota jambo fulani nalo likatokea", twaweza kumsadiki kabisa, wala isitulazimu kumfuata. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati mlango wa 13 kimeonya waziwazi kwamba mwotaji ndoto, hata kama ishara yake imetimia, asisikilizwe ikiwa anawaita watu kwenye miungu mingine. Kutimia kwa neno moja hakumpi mtu amana ya roho za watu.

Ndoto huhitaji tafsiri, na tafsiri huhitaji subira

Yusuf a.s. aliona nyota kumi na moja, jua na mwezi vikimsujudia. Baba yake, Nabii Yakub a.s., hakuharakisha kumtangaza kijana wake mbele ya watu. La kwanza alilomwambia ni kwamba asiwasimulie ndugu zake. Kwa hesabu ya Biblia, Yusufu alikuwa na miaka 17 kisa kilipoanza, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Kisha ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo alipojitambulisha kwa ndugu zake. Hiyo ni miaka 22. Ndani ya miaka hiyo yumo kisima, utumwa, masingizio na gereza. Ndoto ilikuwa ya kweli tangu usiku wa kwanza, lakini haikumwondolea hata siku moja ya taabu.

Hata Masahaba wa Mtume s.a.w. walijaribiwa katika jambo hili. Mwaka wa 6 Hijriya (628), Mtume s.a.w. aliona katika ndoto kwamba yeye na Masahaba wake wanaingia Makka kwa amani. Wakatoka watu wapatao 1,400, nao wakazuiliwa Hudaibiya na kurudi Madina bila kuiona Al-Kaaba. Huzuni ilikuwa kubwa, na Hadhrat Umar r.a. akauliza habari ya ahadi ile. Mtume s.a.w. akamjibu kwa kumwuliza kama aliwahi kuwaambia kwamba ni mwaka ule. Mwaka uliofuata wakaingia kwa amani, na Sura ya 48 ikathibitisha kwamba ndoto ile ilikuwa kweli. Ikiwa Masahaba wakubwa waliweza kukosea wakati wa ndoto ya Mtume mwenyewe, sisi ni nani hata tuifunge safari au tuivunje ndoa kwa ndoto ya usiku mmoja?

Husimuliwa kuhusu Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka wa 110 Hijriya, kwamba watu wawili walimjia kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja ameota kwamba anaadhini. Mmoja alimwambia atakwenda Hija, na mwingine akamwambia ataonekana mwizi. Alipoulizwa, alieleza kwamba wa kwanza aliuona uso wake una wema, akakumbuka aya ya kuwatangazia watu Hija. Kwa wa pili alikumbuka mtangazaji wa kisa cha Yusuf aliyewaita wasafiri wezi. Ndoto moja, maana mbili, kwa sababu waotaji ni wawili. Basi vijitabu vinavyouzwa mitaani kwa jina la Ibn Sirin, vyenye orodha ya "ukiota meno" na "ukiota maji", vina faida gani? Wanachuoni wengi wamekana kwamba yeye ndiye aliyeviandika.

Ndoto ya Mungu huleta kazi

Yusuf a.s. alipoifasiri ndoto ya mfalme, hakuishia kwenye habari ya mambo yajayo. Hapo hapo aliongeza mpango: limeni miaka saba kwa juhudi, na mnachokivuna kiacheni ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo mtakachokula. Mwenye kujua kilimo ajua hekima iliyomo. Nafaka iliyo ndani ya suke lake hukingwa na wadudu kuliko iliyopukuchuliwa. Kisha akaomba asimamie ghala, kwa kuwa ni mwaminifu na mjuzi.

Ninyi wakazi wa Makambako hamhitaji kuelezwa sana habari hii, kwa kuwa maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yako mjini mwenu, nanyi mwayaona malori ya mahindi yakipanga foleni. Kila ghala la akiba ni tafsiri ya ndoto ile. Farao hakuambiwa alale aone zaidi. Aliambiwa alime, apime na ahifadhi, na kwa kazi hiyo watu wa mataifa mengi walipona njaa.

Na ujira wa Yusuf a.s. ulikuwa nini? Wafungwa wawili walipomletea ndoto zao gerezani, hakuwatoza kitu. Kabla ya kuwafasiria, aliwaita kwanza wamwabudu Mungu Mmoja. Huo ndio mwenendo wa aliyepewa elimu na Mungu. Yeye huwapeleka watu kwa Mungu, na mfanyabiashara wa ndoto huwapeleka watu kwake mwenyewe.

Ndoto haihalalishi haramu

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote. Mtu aweza kuuliza: Je, Nabii Ibrahimu a.s. hakuoteshwa kumchinja mwanawe? Naam, Sura ya 37 yaeleza kwamba aliona hivyo katika ndoto. Lakini soma kisa mpaka mwisho wake. Kwanza, ndoto za Manabii ni wahyi, na utume si mali ya kila alalaye. Pili, Ibrahimu a.s. hakumvizia mtoto, bali alimweleza na kumtaka maoni yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, Mwenyezi Mungu Mwenyewe alimwita na kumzuia, akatoa fidia ya dhabihu nyingine. Biblia nayo, Mwanzo mlango wa 22, hata kama yamtaja Isaka, yakubali kwamba mkono ulizuiliwa na mtoto hakuguswa. Kisa hiki kilikuja kufunga mlango wa kutoa wanadamu kafara. Anayekitumia kuufungua amekigeuza juu chini.

Twayasema haya mahali penyewe hasa. Mwanzoni mwa mwaka 2019, habari za watoto waliouawa Njombe zilienea ulimwenguni kote, na viongozi wa serikali waliyahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Wazazi walikuwa wakiwasindikiza watoto wao shuleni na kuwangoja warudi. Hatutaki kuyachokonoa majeraha ya wafiwa. Lakini twauliza: mtu hufikaje mahali pa kuamini kwamba damu ya mtoto wa jirani italeta fedha? Hafiki kwa siku moja. Kwanza huzoezwa kuamini kwamba neno la aliyeoteshwa halihojiwi. Akishaizoea imani hiyo katika mambo madogo, siku ya jambo kubwa hana tena kipimo cha kusema hapana.

Uislamu umeweka kipimo hicho tangu mwanzo. Abdullah bin Zaid r.a., Sahaba wa Mtume s.a.w., aliota maneno ya adhana. Hakwenda kuadhini kwa ndoto yake. Alikwenda kwa Mtume s.a.w., naye alipoithibitisha ndipo Bilal r.a. akafundishwa maneno yake. Ikiwa hata adhana, ambayo ni mwito wa kheri mtupu, haikuwa sheria kwa sababu ya ndoto mpaka ilipokubaliwa na mwenye mamlaka, itakuwaje ndoto ihalalishe kile ambacho Mungu amekiharamisha?

Ndoto na dawa

Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, aliyefahamika kwa jina la Babu wa Loliondo, alisema kwamba Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya maradhi sugu, UKIMWI ukiwa mmojawapo. Maelfu kwa maelfu walikwenda kijijini Samunge kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Foleni za magari zilifika kilometa nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Iliripotiwa kwamba baadhi ya watu waliacha dawa zao za hospitali. Haikuthibitishwa kitaalamu kwamba kikombe kile kinaponya, na baada ya muda foleni ikaisha. Mzee mwenyewe alifariki Julai 2021.

Hatumhukumu marehemu. Moyo wake anaujua Mungu, na shilingi 500 si bei ya mtu mwenye tamaa. Tunachosema ni kwamba unyofu wa mwotaji hauigeuzi ndoto kuwa dawa. Na jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wa mikoa mingine. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–2012, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 14.8, na utafiti wa 2022–2023 bado uliiweka juu ya mikoa yote kwa asilimia 12.7. Maana yake ni kwamba katika kila mkusanyiko kama huu wamo wanaoishi kwa kumeza dawa ya kufubaza virusi kila siku. Mtu akimwambia mmoja wao, "Nimeoteshwa, acha vidonge", amemwondolea uhai kidogo kidogo. Mtume s.a.w. ametuamrisha tujitibu, akasema kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dua na vidonge havigombani. Mwenye kuombewa aombewe, na saa ya dawa ikifika ameze.

Nini kitupasacho

Ndugu wapenzi, kwa ufupi tuyashike mambo haya:

Kwanza, ukiota ndoto njema, mshukuru Mwenyezi Mungu na uwasimulie wakupendao tu, kama alivyousiwa Yusuf a.s. Ukiota mbaya, fanya alivyofundisha Mtume s.a.w. na unyamaze.

Pili, ndoto yoyote inayoamrisha dhulma, uzinzi, shirki au kumwaga damu haikutoka kwa Mungu, hata ikijirudia mara mia, hata akija ndani yake mtu mwenye kanzu nyeupe.

Tatu, mtu akikuotea wewe, kwamba ameonyeshwa uachane na mkeo au umpe shamba lako, mwambie kwa upole kwamba Mungu anayo njia ya kukufikia wewe mwenyewe.

Nne, ukisali istikhara, usiingoje ndoto kana kwamba ni barua. Mafundisho ya sala hiyo hayakutaja ndoto. Omba, shauriana na wenye busara, kisha fanya jambo lako, na Mwenyezi Mungu atakurahisishia lililo na kheri.

Tano, usizue. Mtume s.a.w. ameonya kwamba mwenye kudai ndoto ambayo hakuiota, Siku ya Kiyama ataamrishwa afunge fundo kati ya punje mbili za shayiri, wala hataweza. Nabii Yeremia naye, mlango wa 23, amewakemea manabii waliokuwa wakitangaza kwamba wameota ndoto, na hali walikuwa wakisema uongo kwa jina la Mungu.

Na neno letu la mwisho ni kwa wazazi. Mtoto akiamka usiku analia kwamba ameota, msimpeleke kwa mtu wa hirizi. Mkumbatieni, msomeeni Sura tatu za mwisho za Kurani, na asubuhi mwulizeni kama kuna mtu anayemtisha njiani au shuleni. Mara nyingi ndoto ya mtoto ni habari ya mchana wake, nayo yahitaji sikio la baba na mama kuliko tafsiri ya mgeni.

Mwenyezi Mungu atujaalie usingizi wa amani na ndoto za kweli, awalinde watoto wa Njombe na Makambako, awaponye wagonjwa wetu, na atupe macho ya kupambanua haki na batili. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.